Asubuhi Niliyokuta Mawaridi Hayapo

Nilitoka likizo ya wiki mbili nyumbani Kongwa, nikaripoti kazini Jumatatu kwenye ile hoteli kongwe ya Dodoma ambako nilikuwa mtunza bustani kwa miaka tisa. Nikavaa buti, nikafungulia maji, nikauburuta mpira hadi kona ya jikoni. Hapo nikasimama.

Mistari sita ya mawaridi, kutoka barazani hadi ukuta wa mawe, haikuwepo. Ardhi ilikuwa imesawazishwa na kushindiliwa, nusu yake imeshapangwa matofali ya pevingi. Gari mbili zilikuwa zimeegeshwa pale maharusi walipokuwa wakipigia picha. Nilidhani nimekosea njia. Kweli kabisa, niligeuka nikalitazama jengo, nguzo zake nyeupe na madirisha yake ya kijani, nihakikishe ndiyo hoteli yenyewe.

"Dada, funga maji!" mlinzi alinipigia kelele. "Unalowesha pevingi."

"Nani amefanya hivi?"

"Meneja. Wageni wa mikutano hawana pa kuegesha." Kisha akashusha sauti. "Mzee wako alikuwepo."

Mzee wangu huyo si baba wa kunizaa; ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa ameitunza bustani ile miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwao Chamwino. Mgao wa maji ulipobana, aliyabeba maji ya kufulia mashuka ndoo kwa ndoo. Aliwahi kumgombeza bwana harusi mbele ya wakwe kwa kuchuma ua moja.

Nilipotoka kazini nilikwenda kwake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo.

"Mzee, wameng'oa mawaridi."

"Najua. Mimi ndiye niliyewaonyesha mabomba yalikopita, greda isije ikayapasua."

Nikakaa chini pale pale. Njia nzima nilikuwa najiambia mlinzi amemfananisha tu, nikiwaza nitampaje habari ile bila kumuua.

"Ukakaa ukatazama?"

"Walinipa kiti. Sikukikalia." Hakuinua macho. "Wangeng'oa hata bila mimi. Bomba lingepasuka, wewe ungekosa maji hata ya kumwagilia vyungu vya mlangoni, halafu wangekwambia kazi hakuna."

Nilitaka kumjibu kwa hasira, ndipo nikaiona mikono yake. Ilikuwa imechanika kuanzia viganja hadi viwiko, kwingine vidonda vibichi, kwingine imevimba.

"Mzee, hii ni nini?"

"Mstari wa kwanza niliupanda na marehemu mke wangu, alipokuwa kibarua pale. Huo sikuiachia greda. Niliung'oa mwenyewe kwa jembe."

"Miche iko wapi?"

"Jalalani, na mingine. Ningeipanda wapi? Maji ya hapa unajua ni ya shida."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nilimwomba mkwewe, mke wa mwanawe aliyeishi naye, maji ya uvuguvugu na pini, nikaanza kumtoa miiba, mmoja mmoja. Hakushtuka hata mara moja. Mkwewe akanishikia taa karibu zaidi. Mmoja ulikuwa umezama chini ya ukucha, ukanishinda.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka zahanati. Muuguzi aliitazama ile mikono, akauliza imeumizwa na nini.

"Shamba," mzee alisema.

Muuguzi akanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa.