Kitambaa cha Babu Mwenye Mkia

Baba aliinunua ile picha kwenye duka la mitumba huku ughaibuni, South End, Louisville, kwa sababu ya uso tu. Mzee mwenye paji pana, ndevu nyeupe hadi kifuani, macho ya mtu aliyechoka na maswali ya watu. Kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa nyani, mkia na yote.

"Yesu wangu!" mama akaruka. "Umeniletea shetani sebuleni?"

Mimi nilikuwa nasoma koleji, na mchoro huo niliwahi kuuona darasani. Nikawaeleza: huyu alikuwa mwanasayansi wa Uingereza, zamani za malkia wao. Alisema binadamu na nyani wana ukoo mmoja, basi magazeti yakamchora na mwili wa nyani ili watu wamcheke.

"Donc, basi ni msomi," baba akasema, akapiga msumari ukutani.

Mama hakubishana. Kwetu kila kitu sebuleni huvaa kitambaa cha kufuma: viti, televisheni, hata friji. Akafuma kingine, akamfunika mzee kuanzia ndevu kwenda chini. Akawa mtu na heshima zake.

Ikafika siku ya kuja kuniposa. Mchumba wangu alikuwa wa mji wa Columbus, na msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, shemasi ambaye habari zake zilimtangulia: posa ya kijana mwingine wa ukoo aliivunja kwa chupa moja ya bia aliyoiona jikoni kwa wakwe. Niliogopa. Nilimpenda yule kijana, jamani, ningefanyaje?

Shemasi aliingia na suti ya vipande vitatu katika joto la Julai. Akasimama mbele ya picha. "Na huyu mzee?"

"Baba yangu," baba akajibu bila kupepesa macho. Mama akaanza kukohoa.

Shemasi akavua kofia, akainamisha kichwa, akamshukuru mzee kwa kuacha uzao mwema. Kisha akakaa, jasho likimtiririka. "Bon, vizuri. Tulikuwa tunapita, tukaona ua katika nyumba hii..."

Kimbelembele changu! Nikamwashia feni. Kitambaa kikapepea, kikaanguka. Mkia ukabaki unaning'inia mbele ya shemasi.

Niliiona harusi yangu ikitoka mlangoni.

"Mficha uchi hazai," baba akasema, sauti imempungua. "Mwili si wake. Lakini uso ni wa baba yangu kabisa. Tulikimbia nchi yetu mikono mitupu, picha zake zote zikabaki. Nilipouona dukani sikuweza kuuacha."

Shemasi alimtazama yule mzee usoni. Akainuka, akaokota kitambaa, akakikung'uta.

"Mama, leta pini," akasema. "Siwezi kuomba binti mbele ya babu aliye uchi."