Nilivyoambiwa nimsukume mama mkwe mbele ya kamera huko Ruiru

Wakuu, niaje. Hii nawapea vile ilitokea, sijaongeza chumvi wala mchuzi mix.

Mimi ni fundi wa mabati, naishi Kiganjo hapa Thika. Shule niliachia Form Two. Hesabu ndio ilinifukuza, mwalimu alisaidia tu kufungua gate.

Sasa kulikuja watu wa filamu pale Ruiru, kwa shamba moja ya kahawa. Story ni ya miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita ya Mau Mau. Wanafunzi wanakataa kuimbia Malkia, wanaandika makaratasi ya uhuru, serikali ya mkoloni inakuja kuwabeba. Story ya kulia, sio mchezo.

Nikaenda kuomba part ya mwanafunzi. Mama wa nguo akaangalia tumbo yangu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikapewa home guard, wale wazee wetu waliita kamatimu. Watu weusi waliokuwa upande wa mzungu. Rungu, kofia, na kaptula ya khaki iliyoshonewa mtu hajawahi ona chapo.

Yaani mimi nilitoroka shule, halafu natumwa kukamata wale walibaki.

Wacha niwaweke kwa picha kidogo.

Jumamosi ya hiyo wiki nilikuwa napeleka wazee kwa kina Nyambura, msichana wangu, huko Witeithie, kuanza ruracio, mambo ya mahari. Wajomba zake hawakunitaka. Walikuwa wanauliza, fundi wa mabati, mvua ikiisha atakula nini? Mama yake ndiye alikuwa bado kusema ndio ama hapana, na kila mtu alikuwa anangoja yeye.

Na kama wewe si wa huku kwetu: mama ya bibi yako humgusi ovyo. Mkikutana kwa njia unapisha, unaangalia chini. Kumsukuma? Hiyo unaitishwa mbuzi ya faini, na mbuzi ikiisha jina mbaya bado inabaki.

Turudi Ruiru.

Scene ni hivi: wanafunzi wamejifungia darasani, mama zao wamejipanga mlangoni. Mimi natangulia, nasukuma mama wa kwanza, kamatimu wengine wanaingia.

Action.

Nikakuja rungu juu, uso nimekunja kama mtu amenyimwa change. Nikafika kwa mama wa kwanza, blanketi mabegani, kiondo mkononi.

Mathe wa Nyambura.

Kumbe director aliomba kanisa fulani imletee wamama, na hakuna mtu aliniambia ni kanisa gani.

Wakuu, mwili ilijiamulia. Nikatoa kofia. Nikapisha pembeni. Nikasema, "Mama, umeamka aje?"

Cut.

Director ni kijana wa Kakamega, mpole. Akaniuliza tangu lini kamatimu anasalimia watu. Nikamweleza kwa sikio. Akasema pole, lakini uso kama ya huyo mama hawezi kuitoa mbele.

Nikaomba nisukume wa pili. Wa pili alikuwa dada yake. Wa tatu alikuwa bibi ya pastor.

Take iliyofuata nikasukuma hewa. Niliisukuma na nguvu mpaka nikaanguka mwenyewe. Wanafunzi wakacheka, na hapo ndipo walitakiwa kulia. Yule star wao, kijana wa Makongeni, akatoa kichwa kwa dirisha.

"Buda, tukikungoja utukamate tutapata uhuru na pension."

Director akanipa nafasi ya mwisho. Nikishindwa, anaweka jamaa mmoja wa gym, mabega kama mlango wa kanisa. Nikafikiria huyo akisukuma mama, mama atapatikana Juja. Nikaona heri mimi.

Nikakuja pole pole. Nikaweka kidole kimoja kwa blanketi. Blanketi peke yake, ngozi hapana.

Kitu sikujua, mathe wakati huo hakuwa anaact. Mjomba wake alitolewa darasani na kamatimu hivyo hivyo, na hakuonekana tena. Hiyo story alikua akilishwa pamoja na uji.

Kiondo ikakuja.

Wale watu wa filamu walikuwa wameijaza viazi za ukweli. Nikalala kwa matope. Wamama wengine wakadhani imeandikwa hivyo, wakanirukia. Wanafunzi wakafungua mlango wakatoroka wakinikanyaga, na ilikuwa wakamatwe wote.

Director hakusema cut. Alikuwa anapanguza macho.

Mathe akarudi akili. Akasimama hapo juu yangu akipumua.

"Umeumia?"

Nikasema hapana, macho chini. Nikaanza kumwokotea viazi. Akachukua kiondo yake, akaenda.

Jumamosi nikafika Witeithie na uso imefura upande mmoja. Mjomba mkubwa wa Nyambura alikuwa ashasikia. Akaniuliza mbele ya wazee wote kama ni kweli nilimwendea mama ya msichana na rungu, nimevaa kama kamatimu.

Wazee wangu wakaanza kuangalia viatu zao.

Mathe akaongea kutoka mlango wa jikoni, pole pole kabisa.

"Mimi ndio nilimpiga, mbele ya kanisa nzima. Rungu ilikuwa kwa mkono wake, na akaniokotea viazi. Wewe bibi yako akiinua sauti tu unatafuta mshipi. Sasa niambie, Nyambura nimpee mtu kama nani?"

Mjomba akaitisha chai.

Nyambura sasa ni bibi yangu. Filamu ilitoka, mimi naonekana miguu tu.

Lakini kuna kitu haijanitoka kichwani. Mimi nililipwa kuact nikashindwa. Wale kamatimu wa ukweli walitoka vijiji hizo hizo, walijua vizuri ni mama ya nani wanasukuma, na walisukuma. Ukiambiwa usukume mtu ndio ukule, angalia kwanza uso yake.

Haya, wewe ungefanya aje hapo? Na mwenye atauliza kaptula iliishia wapi, ilipasuka. Endeleeni.