Mtu wa Kwanza Kumwambia Pole

Siku ile tulikuwa tunachimba viazi shambani kwangu Uwemba, huku Njombe. Ukungu ulikuwa haujainuka, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na wanawake wa mgowe, yaani majirani walioitikia kuja kunisaidia kazi, walishaanza kuulizia ulanzi, ile pombe ya mianzi, kabla hata gunia la kwanza halijashonwa. Mjukuu wangu Wendelini akatokea Makambako kwa lori la Mzee Athumani, mfanyabiashara wa mazao aliyemwajiri kama utingo. Aliruka chini gari halijasimama vizuri.

"Mume wangu," nikamwita, "unarudi kwa mkeo mikono mitupu?"

"Mke wangu, nimekuletea samaki wa Mtera. Ila meno ya kuwatafunia sijui utaazima kwa nani."

Shamba zima likaangua kicheko. Dada yake, Kolumba, akamrushia kiazi kilichooza kikampata mgongoni, naye akamkimbiza mpaka kwenye mianzi. Halafu akarudi kupakia magunia huku akiimba kwa sauti mbaya kuliko zote alizoumba Mungu.

Huyo ndiye Wende. Watu wakisikia habari za vijana waliokwenda msituni kushika silaha wanadhani walizaliwa na giza usoni. Wende alizaliwa na kelele. Mama yao, binti yangu, alifariki huyu akiwa bado ananyonya, nikawalea mimi wote wawili. Ninajua ninachosema.

Miezi michache baadaye, magunia ya viazi yalipotea sokoni Makambako. Wende ndiye aliyeonekana pale mwisho, basi wakamshika yeye. Walimchezesha kichura kuzunguka uwanja mzima, mbele ya mama lishe waliokuwa wakimuuzia ugali kila siku. Wakamnyoa kwa wembe mkavu. Jioni magunia yakakutwa kwenye lori jingine, yalipakiwa kimakosa. Watu wakarudi kwenye biashara zao kama vile mvua ilikuwa imenyesha na sasa imekatika. Mzee Athumani alikuwa safarini Songea. Aliporudi aligombana na soko zima, akamtafuta kijana wake amfariji, lakini mtu mwingine alishamuwahi.

Mtu huyo alikuwa mgeni, amepanga chumba, anauza makava ya simu. Jina lake la kweli halijapatikana mpaka leo. Alimkaribisha Wende chai akamwambia, "Pole sana, mdogo wangu. Walichokufanyia nilikiona." Basi. Wende alinisimulia mwenyewe, yote yalipokwisha: "Bibi, nililia kama mtoto. Angeniambia saa ile twende kuzimu, ningeuliza tu gari linaondoka saa ngapi."

Mimi nimelima mahindi maisha yangu yote. Kuna mbolea ya kupandia na kuna mbolea ya kukuzia. Ukianza na ya kukuzia unaunguza mbegu. Yule mtu alijua kulima. Hakuanza na chuki. Alianza na chai, akaja na kumsikiliza, akaja na kumwita kaka mbele ya wenzake, akampa kazi ndogo na kumsifu alipoifanya. Mizizi ilipokamata ndipo akaanza kumwaga ile nyingine: kwamba waliomchezesha kichura hawakuwa watu kumi wa sokoni, ni dunia nzima. Kwamba wapo wachache walioamka, na yeye ni mmoja wao. Kijana aliyerukishwa kama chura, ukimwambia ameteuliwa, ataachaje kusikia?

Sisi huku tulifurahi. Msimu wa ulanzi ulipoingia Wende alikuja Uwemba akakataa hata kuonja. Kwetu kijana akikataa ulanzi mianzi ikiwa inatiririka, watu wanamtazama kama padri. Katekista alimtoa kama mfano kwa vijana wa jumuiya. Majirani wakaniambia nimelea. Anaamka mapema, hagombani, hafuati wanawake, hana maneno mengi. Nani angekwenda kumshitaki kijana kwa mwenyekiti kwa sababu amekuwa na adabu?

Kolumba peke yake ndiye aliyenung'unika.

"Bibi, Wende hacheki."

"Amekua."

"Kukua ni kuacha kucheka? Mbona wewe umekua mpaka umepinda, na bado unacheka kama fisi?"

Nilimtishia mwiko, lakini neno lilikuwa limeniingia. Jioni ile nilimwita Wende "mume wangu" kama siku zote. Akasema polepole, bila hasira, "Bibi, usiniite hivyo. Huo ni upuuzi." Halafu akaanza kueleza jinsi sisi tunavyoonewa. Nikamuuliza, sisi nani, Wabena? Akatabasamu vile anavyotabasamu mtu mzima kwa mtoto. Nikajua hiyo "sisi" yake mimi simo. Asubuhi aliondoka, na simu yake haikupatikana tena.

Mzee Athumani ndiye aliyetuletea habari. Alipanda mwenyewe mpaka Uwemba, akavua kofia, akaketi jikoni kwangu. Dereva wake mmoja alikuwa amemwona Wende kijiji kimoja kando ya mto Ruvuma, ananunua unga na samaki wakavu kwa wingi na kuvusha.

"Kule ng'ambo kuna vita, mama," akasema. "Hao watu anaowanunulia unga wanajifunika dini yangu. Wanawachinja Waislamu wenzangu wakitoka kuswali. Huyo kijana nilimpenda. Gari langu linashuka kusini Jumatatu, kama kuna mtu wa kwenda."

Kolumba alikuwa ameshasimama. "Nakwenda mimi. Bibi, wewe unabaki."

"Nabaki na nani, kuku?"

Tulifika kule joto likanivua masweta yote. Jina la kijiji siliandiki, wenyewe bado wanaishi pale na wamechoka kutajwa. Tulipokelewa na mwanamke anaitwa Mwanahamisi, na mumewe Salumu, mvuvi, pamoja na watoto wao. Hawakutujua. Tuliwaambia ukweli kwamba tunamtafuta mtoto, na Mwanahamisi akasema, "Basi lala hapa, mama, mtoto wako ni mtoto." Mchana tulimsaidia kuvuna mpunga. Jioni tulikaa tukisikiliza ng'ambo. Risasi kwa mbali zinasikika kama mtu anapasua kuni, ila mpasua kuni huwa anapumzika.

Na watu walikuwa wanavuka kuja upande wetu. Nilimwona mwanamke ameshika sufuria ya ugali mbichi. Alikuwa anausonga wapiganaji walipoingia kijijini kwake. Amevuka mto na sufuria ile, hakujua kama ameibeba. Tulipompokonya ndipo akapiga kelele.

Wende alikuja mchana mmoja. Habari kwamba kuna bibi wa Njombe anamuulizia zilikuwa zimemfikia. Alikuwa amekonda, macho yamekwenda ndani, anaongea kama anasoma kitu kilichobandikwa ukutani nyuma yangu. Mwanahamisi hakujua anatoka kwa akina nani, akamwekea wali na kisamvu. Akala. Mwanahamisi alipotoka kwenda kisimani, Kolumba akamvaa mdogo wake.

"Waliokuchezesha kichura wako Makambako. Hawa wa hapa wamekukosea nini?"

"Hunielewi, dada."

"Sikuelewi kweli. Nilikubeba mgongoni mimi, uzito wako naujua, lakini huyu simwelewi."

Mimi sikubishana naye. Kubishana walishamfundisha, kila neno langu angekuwa na jibu lake tayari. Nilimtazama tu akila. Alipomaliza alinisogelea akasema kwa Kibena, chini kwa chini, kwamba kesho kutwa alfajiri tusiwepo pale.

"Mimi na Kolumba?"

"Ndiyo, Bibi. Ondokeni."

"Na Mwanahamisi je?"

Akaitazama sahani.

"Umekula wali wake sasa hivi. Nikimuaga nimwambieje? Kwamba mjukuu wangu ameniokoa mimi, yeye hakumwona?"

Nimezaa, nimezika, nimeona nyuso nyingi. Sijawahi kuona uso kama ule. Ulikuwa kama wa mtu anayelitafuta jina la mtoto wake mwenyewe na halimjii. Alisimama, akaondoka bila kuaga.

Kolumba alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akamwambia watu wa Njombe baridi imewaingia kichwani, kila wiki kuna mtu anakuja na tarehe yake ya kufa. Hata hivyo alipeleka habari kwa askari, nao wakasema wako njiani. Baadhi ya watu walikwenda kulala mashambani. Wengine walibaki. Sisi tulibaki, Kolumba akisema hatuwezi kumwachia Mwanahamisi maneno halafu tukimbie wenyewe. Salumu alicheka. Akasema ataondoka akishatoa nyavu zake mtoni, maana ndizo shamba lake.

Kesho kutwa ikafika. Mwanahamisi alikuwa ametoka uani kutawadha. Salumu ameshashuka mtoni.

Nikasikia debe linapigwa.

Halafu sauti. Ile sauti mbaya kuliko zote.

"Amkeni! Tokeni! Msishike njia ya mto! Pitieni majarubani!"

Alikuwa anakimbia mlango hadi mlango, amelowa mpaka kichwani, hana bunduki, anapiga debe kwa jiwe. Watu walitoka na watoto, wengine uchi. Mzee mmoja akamtukana, akamwambia aache ulevi. Wende akamnyanyua begani akamtoa.

Kolumba akanishika mkono.

Tulilala kifudifudi ndani ya jaruba la mpunga, maji yanaingia masikioni.

Risasi. Karibu, siyo za kule ng'ambo.

Moshi ukapita juu yetu. Mtoto fulani akataka kulia, mama yake akamziba kwa titi.

Nilihesabu pumzi za Kolumba. Nilisali, lakini sala zote zilinitoka, likabaki neno "Mama" tu.

Kisha magari ya askari wetu.

Kisha kimya.

Nyumba nyingi zilikuwa zimeungua, lakini zilikuwa tupu. Ndivyo ilivyokuwa. Wavamizi waliingia kijijini wakakuta vitanda vina joto na watu hakuna. Salumu walimuulia kwenye njia ya mto, na nyavu begani.

Baadaye Wende alitueleza. Yeye ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya kutangulia na kuonyesha njia, kwa sababu alikuja mara nyingi kununua unga na alikuwa amewaeleza kijiji kilivyokaa. Alitangulia. Ila hakusimama kuwasubiri. Alitupa silaha majini akakimbia, na tangu wali wa Mwanahamisi, alisema, alikuwa hajalala. Kila alipofumba macho aliona sahani.

Askari walipita kukusanya wanaume na kuuliza kila mmoja ni wa nani. Wakafika kwetu.

"Shikamoo, bibi. Huyu nani wako?"

"Mjukuu wangu," nikasema. "Tumekuja wote kuvuna mpunga."

"Ndiyo, ni wa kwangu hapa," akaitikia Mwanahamisi. Alikuwa bado hajaambiwa kuhusu Salumu. "Ndiye aliyetuamsha."

Askari alishaanza kwenda kwa mwingine. Mlango ulikuwa wazi. Angefunga mdomo tu, Jumatatu ingemkuta Uwemba.

"Afande," Wende akasema. "Mimi nilikuwa nao. Njia ya mto niliwaonyesha mimi."

Nilimpiga kofi. Nakiri mkono ulikwenda wenyewe. Akaniambia, "Bibi, wapo waliobaki. Wanakojificha nakujua mimi. Nikinyamaza watakwenda kijiji kingine." Akaweka mikono kichwani, akakaa chini, watu wote wanamtazama. Sokoni Makambako macho kama yale yalimvunja. Safari hii aliyapokea, hakuinamisha uso.

Wanaume wengi wanasifiwa kwa kukimbilia vita. Mimi namsifu aliyetoka. Kuingia mtu anashikwa mkono, anapewa chai, anapewa ndugu. Kutoka unatoka peke yako, ndugu wote wako nyuma yako na bunduki, na mbele yako wapo uliowakosea. Na bado akatoka. Uwemba wapo wanaoniambia nisitaje jina lake kwa sauti. Nalitaja. Wendelini, mjukuu wangu.

Mahakamani Mwanahamisi alipanda kizimbani. Nilijiandaa kusikia chochote. Alisema kijana huyu alimtoa yeye na watoto wake wakiwa hai. Akasema pia kijana huyu ndiye aliyeonyesha njia aliyofia mume wake. Hakimu akamuuliza anataka mahakama ielewe lipi. Akajibu, "Yote mawili, mheshimiwa. Mimi ninaishi nayo yote mawili."

Wende amefungwa. Nakwenda kumwona kila nauli inapopatikana, Kolumba akinishika ngazi za basi. Ameanza tena kutania kidogo, halafu katikati ya mzaha anakatika, anatazama chini, namwacha. Mara ya mwisho aliniuliza kama Mwanahamisi amepata mtu wa kumsaidia kuvuna. Nikamwambia Kolumba anashuka mwezi huu. Akasema, "Amwambie..." Tulikaa hivyo mpaka saa za wageni zikaisha.

Wapo wanaotaka nipime: waliopona na aliyekufa, kipi kizito. Nimejaribu. Nawaweka huku watu wa kijiji kizima wanaopika leo kwenye majiko yao, namweka kule Salumu na nyavu zake, na Salumu hanyanyuki. Wende mwenyewe hataki nimnyanyue.

Nilikwenda kule kumrudisha mjukuu wangu. Amerudi, hata kama nyumbani bado hajafika. Salumu hafiki kabisa, na Mwanahamisi bado anatandika kitanda chake upande mmoja.