Ukuta wa Odowa

Mbeke hakuwahi kuchimba odowa mahali ambapo tumbili hawajala. Kwa miaka tisa aliuza yale mawe laini sokoni Kiserian, yale ambayo wanawake wenye mimba hutafuna kama biskuti. Alfajiri alijificha ndani ya kwari, machimbo ya mawe yaliyoachwa, akingoja. Tumbili walitoka kwenye takataka za mji, matumbo yamevurugika kwa chipsi zilizooza, wakakwaruza ukuta na kutafuna udongo taratibu, macho nusu wazi. Walipoondoka, alichimba palepale.

"Kumbe bosi wako ni tumbili!" wateja walimcheka.

"Na hajawahi kunidanganya. Bwana yako je?"

Kwari yenyewe hakumwonyesha mtu. Angeibiwa biashara.

Jumatano moja alichimba kipande kimoja tu, kinono, akampelekea bintiye Ndanu kule mtaa wa Kware. Ndanu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza.

Ijumaa aliporudi, kwari ilikuwa kimya. Tumbili sita walikuwa wamelala chini ya ukuta, mmoja bado amemkumbatia mtoto wake. Midomo ilikuwa imejaa udongo.

Mulei, mkulima wa nyanya pale juu, alikuwa amesimama akitabasamu.

"Mama Ndanu! Umeona kazi? Hawa wamenimalizia nyanya misimu miwili. Jumanne jioni nikapuliza dawa hapo wanapolamba. Tumbo likiwauma, wanarudi kula zaidi. Wajinga!"

"Jumanne?"

"Eeh. Si huku hakuna mtu hukuja?"

Mbeke alitoa simu, akampigia bintiye.

"Mwaitu!" Ndanu alimwita mama kwa Kikamba, sauti imechoka. "Ile odowa ni tamu, wacha tu. Tumbo limenisumbua tangu jana, nikaona niongeze kidogo, litulie."

"Itupe! Ita majirani wakupeleke hospitali, sasa hivi!"

Ndanu alipona. Mtoto hakupona.

Siku hizi Mbeke hauzi chochote. Lakini kila alfajiri yuko kwari, mfuko wa sweta umejaa kokoto. Tumbili wengine wamehamia, na wanaujua ukuta ule.

"Tokeni! Hiyo si chakula!" anapiga kelele, akirusha.

Wanapanda juu kidogo, wanakaa, wanamtazama. Wanangoja achoke.