Waliposema Nimeiroga Kompyuta ya Redio

Kila mchana, katikati ya matangazo ya vifo, redio yetu ilikuwa inakata kauli yenyewe.

Ni Sumbawanga, 2004, redio za watu binafsi zimeshika kasi. Na Sumbawanga mnavyoisema huko kwenu, kitu hakiharibiki, kinarogwa.

Mchawi nani? Mimi, Scola wa Kizwite, niliyeandika programu ya kupanga matangazo.

Bosi, mzee Felisiani, akaniambia kwa upole kwamba Ijumaa anamleta mganga Zenon kutoka Chala. Jina langu likitajwa, nifungashe.

Iliniuma. Nikajisemea, hapa sitoki.

Nyumbani programu ilikuwa inakesha bila shida. Tangazo likiisha, linaliita linalofuata na kujiondokea. Ilianza kufa tulipoigeuza kipande cha kuchomeka kwenye mtambo wa redio, kipande kinachoweza kukaa popote kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Nikachungulia kazi ya kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine. Kompaila, mshikaji, alikuwa na sababu zake za kutoliacha tangazo lijiondokee.

Kipande cha kukaa popote hakina anwani za kudumu. Kikitaka kuita kazi ya nje, kinaazima mahali pa kushikia jedwali la anwani. Ukiazima jembe la jirani, huwezi kupitiliza na safari zako, lazima urudi ulirudishe. Basi kila tangazo lilibaki linasubiri lililofuata limalize, yakarundikana mpaka nafasi ikaisha.

Lakini matangazo yangu yalikuwa yanaitana yenyewe kwa yenyewe! Nikaongeza neno moja kumwambia kompaila kwamba haya ni ya humu ndani, jedwali la nini?

Ijumaa Zenon akaja. Nikampa shikamoo yake, akanyunyiza dawa. Mchana ukapita, redio inaongea. Mzee Felisiani akafurahi, akamtaka mganga sasa amtaje mwenye kosa.

"Asitaje kwanza," nikasema. "Dawa iacheni hapo hapo. Mimi naondoa neno langu."

Nikaliondoa, nikapanga matangazo mafupi mafupi ili yarundikane haraka. Chai haijapoa, redio kimya. Dawa bado mbichi ukutani.

Nikalirudisha neno. Redio ikaongea mpaka jioni.

Zenon akamgeukia bosi. "Mzee, lile jina la Scola ulilonipa nilitaje, sasa nilifanyeje?"

Jumatatu nilikuwa kwenye kiti changu, na bado nipo.

Wakikuita mchawi kazini kwako, ndugu yangu, usikimbie. Dai kazi ijaribiwe mbele ya macho ya watu.