Skeiti za Baba Njoro

Juzi nilisikia skeiti za vijana, zile mbao za magurudumu, zikikwaruza lami hapa Kitengela, nikasimama kuwatazama.

Nilipokuwa mtoto, duka la Baba Njoro mtaani kwetu lilinuka grisi na raba. Aliuza skeiti za mitumba, na vijana walishinda kwa veranda yake wakikaza magurudumu na kufundishana kuteleza. Alasiri moja kakangu Brayo alikuwa amepata yake hatimaye.

"Haya, panda tuone," Baba Njoro akamwambia.

Mimi nilikuwa nimeona mtu mmoja tu akitembea kwa ubao wa magurudumu, yule mzee wa steji ya matatu asiye na miguu. Nilidhani ubao ndio uliokula miguu yake. Nikakumbatia miguu ya Brayo nikapiga nduru.

"Usipande! Itakula miguu yako!"

"Brayo, si urudishe mtoto kwa mamako!" vijana wakaangua kicheko.

Brayo alirudisha skeiti, akanibeba hadi nyumbani. Aibu haikumruhusu kurudi huko tena.

Jana nilimpigia simu huko Namanga anakofanya kazi, nikamsimulia kuhusu vijana wa Kitengela, nikamwomba msamaha kwa alasiri ile. Akacheka, eti hakumbuki. Halafu akaniuliza, polepole, skeiti za hao vijana wa Kitengela zilikuwa na magurudumu ya rangi gani.