Kidude cha Kati na Shamba la Duni

"Mwatum, kwani bahari nayo ina chama?"

Swali hilo Bi Duni alimuuliza jirani yake wakiwa wamesimama majini, kila mmoja kwenye shamba lake la mwani. Mie nilikuwa pembeni nafunga mbegu kwenye kamba zangu, nikasikia.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa marudio. Duni alikwenda kupiga kura; Bi Mwatum, kama wengi wetu, hakwenda, maana chama chetu kiliususia. Basi salamu zikakatika. Wanawake waliochimbia vigingi vyao pamoja tangu usichana, Ramadhani wakipelekeana futari, wakawa hawatazamani. Kijijini petu ndivyo tulivyokuwa. Hata maiti alizikwa na watu wa upande wake tu. Mola atusamehe.

Bi Mwatum alikuwa mtu wa imani na mwenye mkono mwepesi wa kazi. Mradi wa mwani ulipoleta vidude vya kupima joto la maji, akapewa yeye kuviangalia. Mwani hauwezi joto; ukijua mapema unauvuna kabla haujaoza. Kimoja kilikaa mbali, kwenye maji marefu, kimoja kati, kwenye shamba la Mwatum, na karibu na ufukwe likaelea boya. Mawimbi ya simu hayapiti majini, kwa hivyo vidude vilipashana habari kwa mlio ambao sikio la mtu halisikii: cha mbali kinakiambia cha kati, cha kati kinaliambia boya, boya linatuma ujumbe kwenye simu ya Mwatum joto likizidi.

Fundi Hasnain, aliyekuja kutoka Wete, akaona betri ya kile cha kati inakwisha haraka.

"Bibi, hichi kinabeba habari zake na za mwenziwe. Tukitia kingine hapo kwa Bi Duni, vitapokezana. Kilichochoka kitapumzika."

"Kwa Duni hapapiti kitu changu," akasema Mwatum.

Ndipo Duni alipoinua kichwa akauliza lile swali lake.

Mwatum hakugeuka. "Fundi, mwambie huyo anayesema kuwa mie sijamsikia."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mwambie apige simu!" Duni akainama, akaendelea kufunga kamba zake. Hasnain akakirudisha kidude kwenye mkoba.

Kaskazi iliyofuata jua lilikuwa kali mno. Mwatum kila asubuhi akitazama simu, kimya. Akadhani maji ni salama, naye akatwambia tungoje, mwani ukomae. Kumbe kile cha kati kimeshazima, na cha mbali kinaita hakuna wa kukipokea. Tuliposhuka pwani siku ya maji kutoka, mwani umekuwa mweupe, ukiushika unakatika mkononi. Wangu, wa Mwatum, na wa Duni vilevile.

 Pengine Duni angetukana ingekuwa afadhali. Alikunja kamba zake tupu, mwaka huohuo akahamia Wesha kwa mwanawe.

Mradi ukaisha, vidude vikachukuliwa. Watu walianza tena kusalimiana na kuzikana, alhamdulillahi, lakini Mwatum kila akisema atakwenda Wesha, hakwenda. Aliona haya.

Sasa mgonjwa, hainuki. Juzi nilikwenda kumsomea Yasini. Nilipofunga msahafu akanishika mkono, akasema:

"Nikifa, mwiteni Duni anioshe. Akikataa, mwambieni siku ile nilimsikia."